Kamba Yenye Mafundo: Hotuba Kuhusu Visima vya Gesi na Watu Wanaovikumbuka

Ndugu zangu wa Kilwa, Newala na Masasi mliniomba maneno haya kwa kuwa hamkuweza kufika Mtwara siku ile. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema ukumbini. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu wa vyuo, hamjambo? Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi hii. Mimi ni binti wa Mikindani, na kwa miaka 18 kazi yangu imekuwa tope. Ndiyo, tope. Watu wakisikia uchorongaji wa gesi hufikiria mnara wa chuma na keekee kubwa lenye meno. Lakini keekee lisipopata tope, halifiki popote. Tope ndilo linalolipoza. Tope ndilo linalobeba vipande vya mwamba kuvileta juu. Na uzito wa tope ndio unaoikalia gesi isipande kabla haijaruhusiwa. Likiwa jepesi mno, gesi inakuja juu. Likiwa zito mno, mwamba unapasuka na tope linapotelea chini. Kazi ya fundi wa tope ni kuishi kati ya hayo mawili, usiku na mchana, wiki nne mfululizo, halafu kurudi nyumbani kulala.

Nimeombwa nieleze jinsi kampuni za nishati zinavyojifunza kutokana na uzoefu wa teknolojia mpya za uchorongaji. Nitaeleza. Ila niruhusuni nianzie kwetu Mikindani, kwenye kisima cha maji.

Nilipokuwa mdogo mtaani kwetu palikuwa na mzee mchimba visima. Ninyi wa pwani mnajua shida ya kisima cha pwani. Ukiishia juu, kiangazi kinakauka. Ukizidisha, unakutana na maji ya chumvi na kazi yako yote imeharibika. Mzee yule alikuwa na kamba ya katani. Kila alipochimba, aliishusha kamba shimoni, na kila udongo ulipobadilika alifunga fundo. Fundo dogo kwa mchanga mwekundu, fundo la kuzungushwa mara mbili kwa udongo wa mfinyanzi, na kitambaa cheusi pale alipoonja maji ya chumvi. Akiitwa kuchimba nyumba ya pili au ya tatu kutoka pale, anakuja na kamba ile. Anaipapasa. Anakwambia: hapa pima mbili za mchanga, halafu mfinyanzi, halafu maji, na hapo tusimame. Na alikuwa anapatia.

Wadogo zangu wa chuo, leo mnafundishwa kusoma chati ya kisima, zile karatasi ndefu zenye mistari inayopanda na kushuka. Ile kamba ilikuwa chati ya kisima. Naomba muishike kichwani, nitairudia.

Sasa twende Msimbati. Mwaka 1982 kampuni ya Italia, AGIP, ilichoronga kisima cha kwanza cha Mnazi Bay. Gesi ikapatikana. Soko halikuwepo. Kisima kikazibwa, mitambo ikafungashwa, watu wakaondoka. Waliobaki ni wavuvi na minazi. Mwaka 2005 ikaja kampuni nyingine kabisa, Artumas, ikakiendea kisima kilekile, ikakifungua, ikapima, na baadaye ikachoronga vingine jirani yake. Gesi ya Mnazi Bay ikaanza kuwasha taa za Mtwara na Lindi.

Miaka 23 imepita katikati. Nawauliza: yule aliyekuja 2005 alijuaje pa kugusa? Kukifungua kisima kilichozibwa ni kazi ya hatari. Unatakiwa ujue saruji ilimwagwa kwenye kina gani, mabomba ya chuma yameishia wapi, presha ya gesi ilikuwa kiasi gani ilipopimwa mara ya mwisho. Usipojua, unaingiza mkono kwenye shimo la nyoka. Mambo hayo hujulikana kwa njia moja tu: kwamba mtu wa mwaka 1982 aliandika, na mtu mwingine akatunza.

Kilwa ni vilevile. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974. Iliyofika Ubungo kuzalisha umeme ilifika 2004. Miaka 30! Mtoto aliyezaliwa siku ya ugunduzi alikuwa na watoto wake siku ya matumizi. Gesi inaweza kusubiri miaka 30 chini ya ardhi bila kuharibika. Ujuzi wa namna ya kuifikia hausubiri hivyo. Mtu anazeeka, mtu anahama, mtu anakufa, na karatasi inaliwa na mchwa.

Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote ni kulieleza. Tunasema kampuni imejifunza. Kampuni haina kichwa, ndugu zangu. Wanaojifunza ni watu, na kampuni inakumbuka pale tu watu wale wanapomwambia mwenzao, au wanapoandika, na mwenzao akakubali kusikia.

Tutazame mifano ya wenzetu.

Mwaka 1859, huko Titusville, jimbo la Pennsylvania, Marekani, Edwin Drake alikuwa anatafuta mafuta. Shimo lake lilikuwa likibomoka kila mara, maji na changarawe vinalijaza. Drake hakuwa mchorongaji. Alikuwa mtu wa reli. Akamtafuta mhunzi mmoja aliyezoea kuchimba visima vya chumvi, William Smith, aliyejulikana kama Mjomba Billy. Na wakafanya jambo ambalo leo linaonekana dogo: waligongelea bomba la chuma ardhini mpaka likagusa mwamba, kama mita 10 hivi, halafu wakachoronga ndani ya bomba. Kuta hazikubomoka tena. Walipofika kama mita 21, mafuta yakapatikana. Kila kisima cha gesi mnachokiona Msimbati, Songo Songo na Ntorya kina bomba ndani ya bomba, na wazo ni lilelile. Mhunzi wa visima vya chumvi alikuja na mikono iliyozoea ardhi, akakutana na mtu mwenye shida mpya.

Mfano wa pili naupenda kuliko yote, kwa sababu ni wa tope. Spindletop, karibu na mji wa Beaumont, Texas. Mwishoni mwa mwaka 1900 ndugu watatu wa familia ya Hamill wanachoronga kwa mtambo wa kuzungusha, uliokuwa bado mgeni kwa watu wengi. Wanatumia maji matupu kutoa vipande vya mwamba. Wakafika kwenye mchanga mlaini unaotiririka. Maji yanapotea, shimo linajifunga. Wafanye nini? Wakachimba bwawa, wakalijaza maji, wakaingiza ng'ombe humo. Ng'ombe wakakanyaga, wakazunguka, wakakoroga mpaka maji yakawa tope zito. Wakalisukuma tope lile kisimani. Likajipaka kwenye kuta za mchanga kama udongo unavyokandikwa kwenye nyumba ya miti, na kuta zikasimama. Tarehe 10 Januari 1901 mafuta yalipasuka kutoka kina cha zaidi ya mita 300, yakaruka juu ya mnara, na ilichukua siku tisa kuyafunga.

Mama zangu mliokandika nyumba kwa mikono yenu, mnaijua kazi ile. Fundi wa tope wa leo ana maabara na mizani, ana kemikali za kila aina, lakini anachokifanya ni kukandika ukuta ulio kilomita tatu chini yake. Ninapowaambia wanafunzi kwamba taaluma yangu imepita kwenye kwato za ng'ombe, nataka waelewe kwamba teknolojia mpya mara nyingi huanzia kwa mtu aliyekwama, mwenye kujua jambo fulani kutoka maisha mengine.

Lakini kukwama peke yake hakutoshi. Kuna kukwama kwa miaka 17. Kampuni ya Mitchell Energy ilichoronga kisima chake cha kwanza kwenye mwamba wa Barnett, Texas, mwaka 1981. Mwamba ule una gesi, ila umebana, gesi haitoki. Kwa miaka mingi waliupasua kwa kusukuma maji mazito yaliyochanganywa na vitu vya kuyafanya kama uji, pamoja na mchanga mwingi. Gharama kubwa, gesi kidogo. Mhandisi kijana, Nick Steinsberger, akaona kosa moja la bahati: mchanganyiko ulikuja mwepesi kuliko ulivyotakiwa, na kisima hakikuharibika. Akasikia pia kwamba kampuni nyingine imefanikiwa kwa maji mepesi kwenye mwamba wa aina nyingine. Akaomba ruhusa ajaribu. Majaribio ya mwanzo hayakufanya vizuri. Akaomba tena. Mwaka 1998 kisima kimoja kikatoa gesi kuliko walivyozoea, na kikaendelea kutoa. Baadaye kampuni ya Devon iliinunua Mitchell, ikaunganisha maji yale mepesi na uchorongaji wa kwenda ubavuni, na biashara ya gesi duniani ikabadilika.

Nieleweke. Njia ile ina malalamiko yake mazito, kuhusu maji na kuhusu matetemeko, na gesi ya Mnazi Bay haihitaji kupasuliwa namna hiyo, maana imekaa kwenye miamba ya mchanga inayopitisha. Simsifu mtu kwa kupasua miamba. Ninachowaonyesha ni kwamba kijana alikuwa na bosi aliyemruhusu akosee mara mbili, mara tatu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wazee wetu walisema. Lakini lazima awepo mwenye kiwanda atakayekununulia koleo lingine.

Na jirani je? Kampuni zinajifunza kwa jirani? Zinajifunza, ila kwa shingo upande. Huko North Dakota, Marekani, sheria inazitaka kampuni zitoe taarifa za visima vyao, na baada ya muda taarifa zinakuwa wazi kwa kila mtu. Mtafiti mmoja, Thomas Covert, alizichambua zile za mwamba wa Bakken. Alikuta kampuni zinaamini zaidi visima vyao zenyewe kuliko visima vya jirani, hata pale ambapo taarifa za jirani zilikuwa na faida sawa. Yaani jirani ameshaungua, wewe umeona, na bado unataka uguse sufuria kwa kidole chako mwenyewe.

Hapo ndipo penye maumivu. Naomba mnisikilize sehemu hii kwa utulivu, maana kuna watu waliokufa.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, upande wa Uingereza. Palikuwa na pampu mbili. Mchana mafundi walikuwa wameitoa vali ya usalama ya pampu moja ili waifanyie matengenezo, na pale ilipokuwa wakaweka kifuniko tu. Kazi haikuisha. Zamu ikabadilika. Karatasi ya kusema kwamba pampu hii isiwashwe haikuwafikia waliokuwa chumba cha kuongozea mitambo. Usiku pampu ya pili ikagoma. Watu wa zamu ya usiku, kwa nia njema kabisa, wakaiwasha ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka. Walikufa watu 167. Uchunguzi wa jaji Lord Cullen ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na leo karibu kila utaratibu wa kukabidhiana zamu ninaoufuata nikiwa kazini una asili yake usiku ule.

Sasa sikilizeni hii nyingine. Tarehe 23 Desemba 2009, Bahari ya Kaskazini tena. Mtambo wa kampuni ya Transocean unakamilisha kisima. Wafanyakazi wamepima, wameridhika kwamba kisima kimezibwa vizuri chini. Wanatoa tope zito, wanaweka maji ya bahari. Kizuizi cha chini kikaachia. Tope likarushwa juu mpaka sakafu ya mtambo. Walikiwahi kisima wakakifunga. Hakuna aliyekufa. Wakaandaa maelezo ya tukio lile, wakaandika onyo: kupima na kuridhika kusikufanye uache kukitazama kisima. Onyo likazungushwa kwenye mitambo ya Bahari ya Kaskazini.

Miezi minne baadaye, tarehe 20 Aprili 2010, mtambo mwingine wa kampuni ileile, Deepwater Horizon, uko Ghuba ya Mexico ukifanya kazi kwa kampuni ya mafuta ya BP. Wafanyakazi wamepima. Kipimo kina utata, wakakitafsiri kwamba kisima kimezibwa. Wanatoa tope, wanaweka maji ya bahari. Mnaona? Hatua kwa hatua! Gesi ikapanda, mtambo ukalipuka, watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Tume ya rais wa Marekani ilipochunguza, ilikuta kwamba watu wa mtambo ule hawakuwa wamepelekewa somo la Desemba.

Kampuni moja. Kosa la aina moja. Upande mmoja wa bahari walikuwa wameshalijua. Upande wa pili walikuwa wanalifuata.

Mimi kila nikilisoma jambo hili nakumbuka zamu yangu mwenyewe. Kampuni sitaitaja wala mahali. Nilikuwa bado mchanga kazini. Tulikuwa tunachoronga kisima cha tatu jirani na viwili vya mwanzo. Kwenye kina fulani tope likaanza kupungua kwenye matangi. Nikaongeza. Likapungua tena. Kabla hatujajua la kufanya, mwamba ukabana mabomba. Siku nne tulihangaika kuyang'oa. Siku nne za mtambo mzima kusimama, watu hawalali, na hofu ya nini kitapanda. Baadaye mpishi, ndiyo, mpishi wa jikoni, aliyekuwepo tangu kisima cha kwanza, akaniambia: dada, hata kile cha kwanza kilinasa hivihivi, wazungu walikesha. Nikaenda kutafuta kumbukumbu. Ripoti ya kisima cha kwanza ilisema tu kwamba kazi iliendelea kwa kawaida. Aliyekuwa msimamizi aliona aibu kuandika. Mkataba wake ulikuwa unaisha.

Mpishi alijua. Ripoti haikujua.

Tangu siku ile nina utaratibu, na nawaomba wadogo zangu muuchukue kama haukuwaudhi. Nikikabidhi zamu sisemi mambo yako salama. Nasema kitu kimoja kilichonitia wasiwasi, hata kama kidogo. Na ninayempokea namuuliza: nini kimekushangaza leo? Akisema hakuna, nakaa naye dakika tano zaidi.

Kuna upande wa furaha pia. Huko Utah serikali ya Marekani imefadhili eneo la majaribio linaloitwa FORGE, la kuchoronga mwamba mgumu wa moto kwa ajili ya umeme wa jotoardhi. Sharti lake ni kwamba takwimu zote ziwekwe wazi. Kampuni ya Fervo ikaja kuchoronga jirani, ikatumia keekee za almasi zilizozoeleka kwenye mafuta, na mwaka 2024 ikatangaza kwamba gharama ya kisima kimoja imeshuka kutoka dola milioni 9.4 mpaka milioni 4.8 ndani ya visima vichache tu. Nasi tunatafuta jotoardhi kule Mbeya. Wanaochoronga kule wanaweza kuzisoma takwimu zile leo hii, bila kulipa.

Na mtafiti mwingine, Ryan Kellogg, alitazama visima vya Texas vya miaka mingi akagundua jambo ambalo nahodha yeyote wa Mikindani angemwambia. Kampuni ya mafuta na wafanyakazi wa mtambo wanaofanya kazi pamoja kwa muda mrefu wanazidi kuwa wepesi na stadi. Mtambo unaodumu na kampuni moja uliongeza ufanisi kwa kasi ya zaidi ya mara mbili ya ule unaohamahama. Na mtambo ukihamia kwa kampuni nyingine, sehemu ya ujuzi ule inabaki njiani. Ujuzi haukuwa kwa huyu wala kwa yule, ulikuwa kati yao. Mnaovua kwa jarife mnanielewa. Badilisha wavuvi wanne kati ya sita uone samaki watakavyowacheka.

Sasa niirudishe kwetu Mtwara.

Kuanzia 2010 bahari yetu ilijaa majina: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari. Kisha Zafarani, Lavani, Tangawizi. Visima, ndugu zangu, vilivyochorongwa kwenye maji ya kina kikubwa. Zafarani peke yake chini ya takriban mita 2,500 za maji. Meli zinazochoronga pale hazitii nanga. Zinashikiliwa na mapangaboi yanayosukuma kila upande kwa hesabu ya kompyuta, ufundi ambao mwanzo wake, kabla ya kompyuta kuushika, ulijaribiwa 1961 karibu na kisiwa cha Guadalupe, Mexico, na meli iliyofungiwa injini nne za kuning'inia. Gati letu likawa na meli za kusambaza vifaa. Nyumba zikapanda kodi. Vijana wakasomea uchomeleaji wa viwango vya gesi, wakasomea usalama, wakasomea Kiingereza cha kazini. Halafu bei ya mafuta duniani ikaanguka 2014, uchorongaji ukapungua, meli zikaenda zao. Mwaka 2021 Equinor, kampuni ya Norway, ikaandika hasara ya dola milioni 982 kwenye hesabu zake kwa ajili ya mradi wa gesi ya kimiminika uliopangwa Lindi. Mazungumzo ya mradi yameendelea, yamesimama, yameendelea.

Kampuni zile zimeondoka na nini? Zimeondoka na maarifa ya mwamba wetu wote wa chini ya bahari. Sisemi zimeiba. Ripoti na sampuli kwa mujibu wa sheria ni mali ya nchi, na TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, na PURA, mdhibiti wa utafutaji wa mafuta na gesi, wapo kwa kazi hiyo. Nasema juu ya ujuzi usioingia kwenye ripoti. Yule kijana aliyekaa gatini miaka mitatu akijua bomba gani hupata kutu mapema kwa chumvi ya hapa, leo yuko wapi? Wengine wanaendesha bodaboda hapo Magomeni. Wengine wako Msumbiji. Wengine wamerudi kwenye korosho. Mradi ukianza tena kesho, nani atawaita? Watakuja wageni, wataanza kujifunza Mtwara upya kwa fedha nyingi, na sisi tutakuwa tumesimama pembeni tunaangalia watu wanagusa sufuria.

Mwaka 2013 watu wa mji huu waliuliza kwa uchungu: gesi ikienda, sisi tunabaki na nini? Bomba likajengwa, mwaka 2015 likazinduliwa, kutoka Madimba mpaka Dar es Salaam. Majibu yaliyotolewa yamekuwa ya ushuru, shule, barabara. Ni haki yetu, na tuendelee kudai. Mimi leo naongeza dai moja ambalo halihitaji kusubiri bei ya dunia. Kila kisima kitakachochorongwa katika mikoa hii miwili, wawepo vijana wetu kwenye chumba cha kukabidhiana zamu. Wasiwe wageni wa siku moja wa kupigwa picha na kofia za plastiki. Wakae pale kuanzia siku ya kwanza hadi kisima kinafungwa, wakiandika. Na makosa yaandikwe kama mafanikio yanavyoandikwa. Kampuni inayokubali hilo itapata faida yenyewe. Nimewaeleza ya Piper Alpha na ya Bakken, si maneno yangu.

Niliahidi kuirudia kamba.

Mzee yule wa Mikindani alifariki nikiwa sekondari. Niliporudi likizo nikapita kwake kutoa pole. Nikaiona kamba uani. Ilikuwa imefungiwa mbuzi. Mjukuu wake, kijana mwema, hakuwa na kosa lolote. Kwake ilikuwa kamba. Nikaomba niitazame. Nikahesabu mafundo 31. Kitambaa cheusi kilikuwepo bado, kimoja. Nikamuuliza mjukuu: fundo hili ni nini? Hajui. Nikamuuliza bibi, mjane wa marehemu. Akasema alikuwa anafunga, mwanangu, hakuwahi kutueleza, na sisi hatukuwahi kumuuliza. Miaka miwili baadaye jirani alichimba kisima hatua chache kutoka pale, akapata maji ya chumvi.

Basi, mheshimiwa mwenyekiti, sitaki tutoke ukumbini hivihivi. Pale mlangoni kuna meza, na juu yake kuna daftari la kaunta, jipya. Chuo kimekubali kulitunza maktaba. Yeyote hapa aliyewahi kufanya kazi kwenye kisima chochote cha mikoa yetu, awe mhandisi, awe mlinzi, awe mpishi, awe mwenye mashua aliyekodiwa kupeleka maji, aandike alichokiona. Asiyeandika, vijana watamwandikia. Tumeanza na majina saba asubuhi hii.

Na la nane liko humu ndani. Mzee wangu uliyekaa karibu na dirisha, umeniambia kabla hatujaingia kwamba mwaka 1982 ulikuwa kibarua Msimbati, ukibeba magunia ya unga wa tope begani. Naomba upite mbele. Kijana, msogezee mzee kiti, mpe kipaza sauti. Wewe na kalamu, kaa hapa chini karibu naye.

Mzee, tuanzie siku mliposhusha mtambo. Mlikuwa wangapi? Na tope lilipoanza kurudi juu, lilikuwa na rangi gani?